Namna ya kuzisoma nyaraka za Gavana Mennen Williams na kuzipata habari zetu ndani yake

Anayeandika historia ya miaka ya uhuru Afrika Mashariki hufika mahali ambapo karatasi anayoitafuta haiko Dar es Salaam, haiko Nairobi, wala haiko London kwa mkoloni wa zamani. Iko Ann Arbor, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan, Marekani, ndani ya boksi la mtu aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo. Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa uzamili, kwa mwandishi wa habari, kwa mwalimu mwenye swali lisilomwacha alale, na kwa mjukuu anayetaka kujua babu yake aliitwa ubalozini kwa jambo gani mwaka 1964. Si lazima uwe profesa, na hatua tatu za mwanzo hazihitaji nauli.

Hatua ya 1: Mjue mwenye karatasi kabla ya kufungua boksi

G. Mennen Williams alizaliwa Detroit mwaka 1911. Upande wa mama yake ndio wenye kampuni ya Mennen ya sabuni na vipodozi, na ndiyo sababu Wamarekani walimwita "Soapy", maana yake mtu wa sabuni. Liweke jina hilo kichwani, maana magazeti na hata barua za marafiki zake humtaja kwa jina hilo tu, na asiyelijua hupitwa na nusu ya habari.

Alikuwa gavana wa Michigan kuanzia Januari 1949 hadi mwisho wa mwaka 1960, vipindi sita vya miaka miwili miwili. Kisha Rais John F. Kennedy akampa kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje: msaidizi wa waziri anayeshughulikia Afrika. Akaishika hadi 1966, chini ya Kennedy na baadaye Lyndon Johnson. Hesabu mwenyewe yaliyotokea ndani ya miaka hiyo. Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961. Rwanda na Burundi, Julai 1962. Uganda, Oktoba mwaka huohuo. Zanzibar na Kenya, Desemba 1963. Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, maasi ya askari wa Tanganyika siku chache baadaye, Muungano mwezi Aprili, na vita vya mashariki ya Kongo vilivyofikia kilele kwa ndege za Wamarekani kushusha askari wa Kibelgiji Stanleyville (Kisangani ya leo), Novemba 1964. Yote hayo yalipita katika ofisi yake.

Baadaye alikuwa balozi Ufilipino, kisha jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan hadi akawa jaji mkuu wake. Alifariki Februari 1988. Kwa hiyo nyaraka zake ni za maisha matatu: ugavana, diplomasia na ujaji. Usipoyatenganisha maisha hayo mapema, utatumia siku mbili nzima kusoma malalamiko ya wakulima wa Michigan kuhusu barabara.

Hata hivyo, usiupite ugavana wake kana kwamba hautuhusu. Mwezi Februari 1961, katika safari yake ya kwanza barani, Williams alizungumza na waandishi Nairobi. Magazeti yakatoa vichwa kwamba mjumbe wa Kennedy amesema Afrika ni ya Waafrika. Walowezi wakachachamaa, na London haikufurahi. Yeye akafafanua kwamba Mwafrika kwake ni kila anayeihesabu Afrika kuwa kwao, awe na rangi gani. Kennedy alipoulizwa alimtetea, hakuona kosa katika kauli hiyo. Mwezi Agosti mwaka huohuo, mlowezi mmoja akampiga ngumi katika uwanja wa ndege wa Lusaka. Ukitaka kujua ujasiri wa Nairobi ulitoka wapi, rudi kwenye majalada ya gavana: mapambano ya kupata sheria ya kuzuia ubaguzi kazini, iliyopitishwa Michigan mwaka 1955, na mahusiano yake na viongozi weusi wa Detroit. Mimi naamini huwezi kumwelewa Williams wa Nairobi bila kumwelewa Williams wa Detroit, na watafiti wengi wanaotoka kwetu wanafanya haraka ya kuiruka sehemu hiyo.

Hatua ya 2: Jua karatasi zimegawanyika wapi

Hapa ndipo watu hupotea. Nyaraka za mtu mmoja huweza kukaa mahali panne.

Zilizokuwa zake binafsi, pamoja na za ofisi ya gavana, ziko Bentley Historical Library, maktaba ya kihistoria ya Chuo Kikuu cha Michigan. Zamani magavana wengi wa Marekani waliondoka madarakani na karatasi zao kama mali yao, kisha wakazitoa zawadi chuoni au kwenye jumba la historia. Bentley ina karatasi za magavana wengine pia, kama Frank Murphy na George Romney.

Za serikali, yaani mafaili ya ofisi yake wizarani, ziko Hifadhi ya Taifa ya Marekani, jengo la College Park, Maryland, nje kidogo ya Washington. Ziko katika fungu namba 59, ambalo ndilo la Wizara ya Mambo ya Nje, na ndani yake kuna mafaili ya Williams mwenyewe ya 1961 hadi 1966. Zilizopanda hadi Ikulu ziko katika maktaba za marais: ya Kennedy mjini Boston, na ya Johnson mjini Austin, Texas.

Nakala ya waraka mmoja huweza kuwepo kote. Memo ikitoka kwa Williams kwenda kwa Rais, nakala hubaki ofisini kwake na halisi hukaa Ikulu. Hii ni neema kwa mtu asiye na pesa ya safari, kama utakavyoona sasa hivi.

Hatua ya 3: Maliza vya bure kwanza

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha nyaraka zake teule katika mfululizo uitwao Foreign Relations of the United States. Wote unasomeka bure mtandaoni, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Chukua juzuu ya Afrika ya 1961 hadi 1963, nyingine ya 1964 hadi 1968, na ile ya Kongo ya 1960 hadi 1968. Soma pia tanbihi zake, usizidharau. Tanbihi ndizo zinazokwambia waraka ulitolewa fungu gani na boksi gani, na hapo umepata ramani ambayo mwenzako ameilipia kwa wiki nzima ya kuhangaika.

Kisha ingia tovuti ya Maktaba ya Kennedy. Mafaili ya ofisi ya Rais yana fungu lililopangwa kwa majina ya nchi, na mengi yamepigwa picha na kuwekwa wazi. Fungua, soma, pakua. Kwa simu ya kawaida yanasomeka, ila kurasa ni nzito, hivyo ni afadhali kuyapakua mahali penye intaneti ya uhakika ukaenda kuyasomea nyumbani.

Baada ya hapo ndipo ufungue orodha elekezi ya Bentley. Orodha elekezi ni maelezo ya mkusanyiko: nani aliutoa, una mafungu gani, kila boksi lina majalada gani. Iko mtandaoni bure. Angalia kama karatasi za ugavana na zile zisizo za ugavana zimepewa orodha tofauti, kwa kuwa Afrika utaikuta kwenye zile za pili. Ukubwa wa mkusanyiko hupimwa kwa futi, urefu ambao majalada yangechukua yakipangwa wima kwenye rafu. Futi moja ni sentimita 30 na kidogo, na inaweza kubeba kurasa zaidi ya elfu moja. Mkusanyiko wa Williams ni mkubwa sana. Hakuna anayeusoma wote. Kuchagua majalada ndiyo kazi yenyewe.

Jambo moja la orodha hizi: hutaja jalada, hazitaji kila karatasi. Ukiandika "Karume" kwenye kisanduku cha kutafutia na usipate kitu, haina maana kwamba Karume hayumo.

Hatua ya 4: Tafuta kwa majina ya wakati ule

Karatasi za 1961 hazijui Kinshasa, zinajua Léopoldville. Hazijui Kisangani, zinajua Stanleyville. Lubumbashi ni Elisabethville, Bujumbura ni Usumbura, Harare ni Salisbury. Zambia kabla ya Oktoba 1964 ni Northern Rhodesia. Rwanda na Burundi kabla ya Julai 1962 ni Ruanda-Urundi. Tanzania haipo hadi mwishoni mwa 1964. Miezi ile ya katikati iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na makarani wa Kimarekani waliifupisha kila mmoja kwa namna yake.

Majina ya watu ni shida zaidi. Mmarekani aliyeandika kwa kusikia hakuwa na wa kumsahihisha. Abdulrahman Mohamed Babu utamkuta kama Babu, kama Mohammed, kama Abdul Rahman kwa maneno mawili. Wenye majina ya Kiislamu ya Pwani wanakatwa popote: baba anageuzwa ukoo, jina lenyewe linapotea. Kabla hujaenda, keti na mzee anayewafahamu watu wa wakati huo, umwambie akutajie kila jina alilojulikana nalo mtu unayemtafuta, pamoja na la utani. Hapo sisi tuna nguvu kuliko mtafiti yeyote wa kigeni. Orodha yangu ya majina huwa naiandika kwenye daftari kwa kalamu, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja, na huiongeza kila ninapokutana na tahajia mpya.

Hatua ya 5: Mwandikie mtunza nyaraka

Usiandike "naomba habari zote za Zanzibar". Mwandikie hivi: wewe ni nani, unaandika nini, orodha elekezi umeisoma, na unaomba boksi namba kadhaa, jalada lenye jina kadhaa. Uliza mambo manne: je, majalada hayo yako wazi, je, yanahifadhiwa jengo lingine yakahitaji kuagizwa mapema, je, maktaba inaweza kukupigia picha na kwa bei gani, je, kuna msaada wa nauli kwa watafiti wa mbali. Barua fupi yenye namba za boksi hujibiwa haraka. Nimeandikiana na watunza nyaraka wengi, na sijaona mmoja aliyemdharau mtu aliyekwisha kusoma orodha yao.

Hatua ya 6: Nenda, au mtume mtu

Bentley iko wazi kwa umma. Haidai uwe mwanafunzi wa chuo, unajiandikisha kwa kitambulisho. Ann Arbor iko karibu na uwanja wa ndege wa Detroit, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Lakini visa, tiketi na malazi ni mzigo, sote tunajua. Kwa hiyo fikiria ndugu walioko kule. Michigan ina Waswahili wengi kuliko watu wanavyodhani: Wakongomani wa Grand Rapids na Lansing, Wakenya na Watanzania wa Detroit na vitongoji vyake. Kutoka Grand Rapids hadi Ann Arbor ni mwendo wa saa mbili hivi. Mwana wa shangazi yako mwenye siku moja ya mapumziko na simu nzuri anaweza kukufanyia kazi ambayo ingekugharimu mamilioni ya shilingi. Mpe orodha ya maboksi, mwombee miadi ya maktaba wewe mwenyewe kwa barua pepe, na umweleze masharti ya chumba cha kusomea ili asishangae mlangoni.

Masharti yenyewe yanafanana karibu kote. Begi na koti vinabaki kwenye kabati nje. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Chakula na maji hapana. Unaletewa boksi, unatoa jalada moja moja, na unaweka kadi ya alama pale ulipolitoa ili lirudi mahali pake. Mpangilio wa karatasi ndani ya jalada usiuguse hata kama unaona wazi umekosewa. Mwite mhudumu umwonyeshe. Picha hupigwa bila mwako. Na uvae sweta, vyumba hivi hupoozwa kwa ajili ya karatasi, si kwa ajili yako.

Hatua ya 7: Picha bila anwani ni picha iliyopotea

Katika hifadhi moja, safari yangu ya kwanza, nilipiga picha zaidi ya mia tatu kwa siku mbili nikiwa na furaha isiyo kifani. Nilipofika nyumbani sikuweza kusema hata moja ilitoka boksi gani. Waraka ambao huwezi kueleza umetoka wapi huwezi kuutumia, na mpaka leo kuna barua moja humo ambayo naijua kwa moyo na siwezi kuinukuu.

Kwa hiyo: kabla ya karatasi yoyote, piga picha ya lebo ya boksi. Kisha lebo ya jalada. Kisha karatasi, mbele na nyuma, maana nyuma ndiko watu walikoandika kwa mkono. Ukifungua jalada jingine, piga tena lebo. Usiku huohuo, kabla hujala, hamisha picha ziende kwenye folda zenye namba za boksi, na nakala ya pili mahali pengine. Ukimtuma ndugu, hii ndiyo hatua ya kumrudia mara tatu.

Hatua ya 8: Soma kwa kujua nani anasema

Telegramu ya wizara ina hila yake. Kila iliyotoka Washington ina jina la waziri chini, enzi zile ni Rusk, hata kama waziri hakuiona kabisa. Kila iliyotoka ubalozini ina jina la balozi au aliyemkaimu. Mwandishi wa kweli, kwa telegramu ya Washington, yuko pembeni katika nakala ya ofisi: aliyeiandaa, na waliopitisha. "Rusk alisema" ni kosa linalorudiwa katika maandishi mengi. Huenda aliyesema ni ofisa wa meza ya Afrika Mashariki ambaye jina lake halikumbukwi na mtu.

Kumbukumbu za mazungumzo nazo zisomwe kwa tahadhari. Nyerere akikutana na Williams, Mmarekani anaandika baadaye, kwa Kiingereza chake, akichagua linalomfaa waziri wake. Maneno unayoyaona ni ya mwandishi aliyesikia, hivyo usiyaweke katika alama za kunukuu kana kwamba Mwalimu aliyatamka.

Na kuna yale yasiyosomeka kwa upande mmoja kamwe. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza maofisa wawili wa Kimarekani, Frank Carlucci wa Zanzibar na Robert Gordon wa Dar es Salaam, kwa tuhuma za njama. Chanzo kilikuwa mazungumzo ya simu kati yao yaliyosikilizwa. Wamarekani walieleza kwamba neno la risasi lililotajwa humo lilikuwa na maana ya hoja: walitaka hoja nzito zaidi za kuishawishi Washington. Ukisoma mafaili ya Kimarekani pekee, utaona serikali yenye hofu isiyo na sababu. Lakini huyo aliyeyasikiliza maneno yale alikuwa katika nchi ambayo mwaka mmoja nyuma ilishuhudia mapinduzi na maasi ya jeshi, na jirani yake Kongo alikuwa ameshushiwa askari kwa ndege miezi miwili iliyopita. Maelezo ya hofu hiyo hayawezi kupatikana Ann Arbor, yatafutwe huku. Nenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, nenda Kilimani Zanzibar, nenda jengo la Moi Avenue Nairobi, soma magazeti ya wiki ileile, na waulize wazee waliopo.

Hatua ya 9: Ukikuta karatasi ya rangi badala ya waraka

Katika hifadhi za serikali utakuta kikaratasi kinachosema waraka umeondolewa kwa sababu za usalama, kikiwa na tarehe, aina ya waraka na idadi ya kurasa. Usikate tamaa. Piga picha kikaratasi hicho, kwa kuwa maelezo yake ndiyo utakayotumia kuomba waraka upitiwe upya. Sheria ya Marekani ya uhuru wa habari, iliyopitishwa mwaka 1966, inamruhusu mtu yeyote kuomba, hata asiye raia wa nchi hiyo. Jibu huchukua miezi, pengine miaka. Omba halafu uendelee na mengine. Na kabla ya kuomba, angalia kama nakala yake haijafunguliwa Boston au Austin. Hutokea waraka umefungwa jengo moja na uko wazi jengo la pili.

Hatua ya 10: Haki ya kuchapisha

Kusoma ni kitu kimoja, kuchapisha ni kingine. Kilichoandikwa na ofisa wa serikali ya Marekani akiwa kazini hakina hakimiliki nchini humo. Barua aliyoandikiwa Williams na mtu binafsi ni tofauti: karatasi ni ya maktaba, maneno ni ya aliyeyaandika na warithi wake, kwa sheria ya huko hadi miaka 70 baada ya kifo chake. Nukuu fupi kwa uchambuzi haina tatizo, barua nzima iulizie. Na hata pale sheria inapokuruhusu, ukikuta barua ya mzee wa Unguja akimwombea mwanawe nafasi ya masomo, watafute watoto kwanza uwasomee.

Ukimaliza, tengeneza orodha ya picha zako kwa Kiswahili: namba ya boksi, jalada, tarehe, nani kwa nani, na sentensi moja ya kilichomo. Uliza maktaba kama inaridhia nakala za utafiti ziwekwe mahali pengine. Ikikubali, peleka picha pamoja na orodha kwenye hifadhi ya nyaraka iliyo karibu na watu wanaotajwa humo. Isipokubali, peleka orodha peke yake. Mwanafunzi wa Kigoma au Lamu atakayeisoma atajua aombe boksi namba ngapi.